Kuvua perege kwa ndoano ukiwa ukingoni: mwongozo kwa anayeanza kwenye mabwawa ya Nyanda za Juu Kusini

Anayeanza kuvua bwawani karibu kila mara hurusha mbali. Anatafuta fimbo ndefu na risasi nzito ya kuzamishia ndoano, anafika ukingoni kwa kishindo, kisha anatupa ndoano katikati ya maji na kusubiri. Samaki aliyemfuata alikuwa mita mbili kutoka miguuni pake, na alishaondoka aliposikia hatua. Perege hula sana kwenye maji ya nusu mita hadi mita mbili, pembeni mwa matete na yungiyungi, kwa sababu mwani, wadudu na uozo anaoupenda viko huko. Mdomo wake ni mdogo na anachukua chambo taratibu, kama mpishi anayeonja chumvi. Ndoano kubwa haimwingii mdomoni, na boya kubwa halikuambii kwamba amefika. Karibu kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinatokana na hayo.

Maji tunayoyazungumzia ni malambo ya kunyweshea mifugo, mabwawa ya umwagiliaji na maziwa madogo ya Iringa, Mufindi, Njombe, Mbeya na Rungwe. Mtera na Ziwa Nyasa tunayaacha pembeni. Hayo ni maji makubwa yenye viboko na mamba, na si mahali pa kujifunzia.

Ruhusa kwanza

Bwawa likionekana halina mtu, lina mwenyewe. Linaweza kuwa la kijiji, la jumuiya ya watumia maji, la shamba la chai, au la mfugaji aliyepandikiza vifaranga kwa fedha yake. Pita ofisi ya kijiji au ya mtaa, salimia, eleza unataka kuvua kwa fimbo moja na samaki wachache wa kula nyumbani. Mara nyingi utaelekezwa mwenyewe ni nani. Kuhusu leseni, muulize afisa uvuvi wa halmashauri yako, kwani uvuvi Tanzania Bara unasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, na yeye ndiye anayejua kinachotakiwa kwa maji hayo. Sumu na baruti ni kosa la jinai, na utupa, ule mmea wa kulevya samaki, nao ni sumu, hata kama babu zetu waliutumia mitoni. Unaua hadi vifaranga, na bwawa dogo huchukua muda mrefu kurudi.

Waulize pia wenyeji maswali mawili ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote: je, kuna kiboko au mamba, na je, watu wa hapa huugua kichocho? Kichocho huingia kupitia ngozi kutoka kwenye maji yenye konokono, kwa hiyo mvuvi wa ukingoni hana sababu ya kusimama majini peku. Vaa buti za mvua.

Vifaa

Fimbo. Iringa na Njombe mianzi si haba, lakini usikate mwanzi unaogemwa ulanzi (pombe ya mwanzi) bila kumwomba mwenyewe. Huo ni mradi wa mtu. Chagua uliokomaa, mgumu, wenye urefu wa mita 3.5 hadi 4, unene wa kidole gumba shinani na wa kalamu nchani. Ondoa matawi kwa kisu kikali ukikata kutoka chini kwenda juu ili usichubue ganda. Utundike kivulini ukiwa wima, shina juu na ncha chini, na jiwe la kilo moja limefungwa kwenye ncha, kwa wiki 3 hadi 4. Ukiukausha juani unapasuka. Ukiulaza chini unapinda. Fimbo za dukani zenye rili ni nzuri, ila kwa perege wa ukingoni mwanzi unatosha na unamfundisha mtu haraka zaidi, maana hauna kitu cha kukwama.

Mshipi. Nunua wa nailoni wa unene wa milimita 0.20 hadi 0.25. Namba hiyo imeandikwa kwenye kibobini. Wa 0.40 ni wa kambale. Perege huuona kwenye maji maangavu na chambo hakitulii. Funga mshipi kwenye pingili ya pili kutoka nchani, uzungushe kwenye mwanzi hadi nchani, kisha ufunge tena hapo. Ncha ikivunjika samaki bado unaye. Urefu wa mshipi unaoning'inia uwe sawa na fimbo, ukipungua shibiri moja, ili ukiinua fimbo wima ndoano ikujie mkononi yenyewe.

Ndoano. Hapa ndipo wengi hukosea dukani. Namba ya ndoano hizi ndogo inavyokua, ndoano inapungua. Namba 2 ni kubwa, namba 12 ni ndogo. Kwa perege taka namba 10 au 12. Muuzaji asipojua namba, pima kwa macho: nafasi kati ya ncha na shina iwe milimita 5 hadi 6. Chukua kumi, utapoteza nne siku ya kwanza. Ijaribu kwenye ukucha wa gumba: ukiiburuta polepole ikateleza, ni butu, ikikwaruza na kushika, ni kali.

Boya. La bure na zuri kuliko mengi ya dukani linatoka kwenye kandambili iliyochakaa. Kata kipande chenye unene wa penseli na urefu wa sentimita 3. Toboa katikati kwa sindano iliyopashwa moto, pitisha mshipi, kisha chomeka kijiti cha kiberiti kilichochongwa ili kukibana. Kijiti ukikilegeza boya linasogea, ukikikaza linakaa. Rangi ya kandambili ni jambo lako, ila nyekundu na njano huonekana vizuri jioni.

Risasi, au chubwi, ni ndogo tu: gramu moja hivi kwa boya la ukubwa huo, igawanywe vipande viwili au vitatu. Vibane kwenye mshipi kwa koleo. Usivibane kwa meno, risasi ni sumu, na nawa mikono kabla ya kula. Kipande kikubwa kikae sentimita 30 juu ya ndoano, kile kidogo kabisa sentimita 8. Ongeza au punguza ndani ya ndoo ya maji nyumbani hadi boya lizame na kubaki sentimita moja tu juu. Hili watu huliruka, na ndilo linaloamua siku yako. Boya linaloelea lote juu ya maji humkinza samaki. Anavuta, anahisi uzito, anatema. Boya lililokaribia kuzama linamfuata bila ubishi.

Fundo la ndoano

Ndoano nyingi zina tundu. Ingiza mshipi tunduni, utoe sentimita 12. Zungusha mkia huo kwenye mshipi wenyewe mara tano. Utaona pale jirani na tundu kuna kitanzi kidogo kilichobaki wazi. Pitisha mkia humo, kisha uurudishe kwenye kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Lowesha kwa mate. Nailoni kavu ikikazwa hupata joto la msuguano na kudhoofika, na fundo litakatika hapohapo mbele ya samaki mzuri. Vuta polepole hadi mizunguko ijipange kama chemchemi ya kalamu, kisha kata mkia ukiacha milimita 2. Ukivuta na mizunguko ikapandana, kata ufunge upya.

Ndoano zisizo na tundu, zenye bapa kichwani, hufungwa vingine: laza mshipi sambamba na shina, tengeneza kitanzi, zungusha kitanzi hicho kwenye shina na mshipi mara saba kuelekea bapani, kaza. Mshipi utokee upande wa ndani, ule ncha inakoelekea, ili ukivuta ndoano iinamie samaki.

Chambo

Minyoo hupatikana kirahisi panapomwagwa maji ya vyombo, chini ya migomba, na pembeni mwa lundo la samadi ya zamani. Mbichi ina joto, hawakai humo. Waweke kwenye kopo lililotobolewa, na udongo wao wenyewe na majani makavu, kivulini. Mnyoo mzima ni mwingi mno kwa perege: atauvuta mkia na kukuachia kichwa. Kata kipande cha sentimita 1.5, kipenyeze kwenye ndoano kama soksi mguuni, ncha ibaki imejitokeza kidogo.

Chambo cha pili ni kinyunga cha ugali. Chukua vijiko 4 vya ugali wa dona uliopoa, kijiko 1 cha unga wa ngano, na matone machache ya mafuta ya alizeti. Kanda hadi kisinate kidoleni. Kikiwa kilaini sana, kinamwagika kabla ya kufika chini. Kikiwa kigumu kama udongo wa tofali, ndoano haitatokeza ukivuta. Kipimo ni hiki: kitonge cha ukubwa wa njegere kikae ndani ya kikombe cha maji dakika 3 bila kusambaratika. Nyuzi chache za pamba zilizochambuliwa na kukandwa humo humo husaidia sana kukishikilia.

Kisha kuna chakula cha kuwaita. Changanya kopo moja la kilo la pumba za mahindi, konzi mbili za mashudu ya alizeti yaliyopondwa, na udongo wa hapo bwawani, nusu kwa nusu na pumba. Maji kidogo kidogo hadi ukiminya tonge lishikamane, na likigusa maji livunjike. Udongo ndio unaoshusha tonge chini. Bila udongo pumba zitaelea na upepo utawapelekea chakula watu wa ng'ambo.

Saa na majira

Ule ushauri wa kufika alfajiri giza ni mzuri kwa pwani, na huku juu unafaa kwa miezi ya joto tu. Perege ni samaki wa maji ya vuguvugu. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi anapunguza kula, na chini ya 16 karibu anaacha kabisa. Bwawa kama Ngwazi kule Mufindi liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku wake ni wa baridi kali. Miezi hiyo hakuna haja ya kuamka mapema. Kunywa chai, fika saa 4 asubuhi, na vua hadi saa 10 alasiri, jua likiwa limepasha maji ya kina kifupi. Simama upande ambao upepo unaelekea, si unakotoka. Maji ya juu yaliyopata joto husukumwa huko pamoja na chakula.

Septemba hadi mvua za kwanza za Novemba ndiyo miezi mizuri kuliko yote. Hapo ndipo asubuhi, saa 12 hadi saa 3, na jioni kuanzia saa 10, zina maana. Mchana wa jua kali samaki hujificha chini ya yungiyungi.

Masika maji yanachafuka. Sogea kwenye mdomo wa mfereji unaoingiza maji, tumia mnyoo badala ya ugali, kwani hapo samaki anatafuta kwa harufu. Na radi ikianza kunguruma, hata kwa mbali, laza fimbo chini na uondoke ukingoni. Mwanzi mbichi au uliolowa mvua unapitisha umeme, na bwawani wewe ndiye mrefu kuliko vyote.

Ukikuta asubuhi samaki wamepanga midomo juu ya maji ya kijani, wakihema, usijisumbue. Hewa majini imepungua usiku. Subiri jua lipande, kwa muda wa saa mbili au tatu hivi, ndipo wataanza kula.

Kuchagua mahali

Kabla ya kufungua chochote, kaa dakika kumi mbali kidogo na maji na utazame. Matete yanayotikisika bila upepo ni perege wanaokwangua mwani kwenye mabua. Mashimo ya duara kama sahani, yakionekana kwenye mchanga wa kina kifupi, ni viota vya madume; hapo wapo, ila ni vyema kuwapisha wazae na kuvua mita kumi pembeni. Tuta la bwawa lenye mawe ni zuri asubuhi kwa sababu mawe hushika joto.

Maziwa ya volkeno yana tabia yake. Ziwa Masoko karibu na Tukuyu halifiki kilomita moja kwa upana, lakini kina chake ni karibu mita 39. Kwenye maziwa ya namna hiyo ukingo unashuka ghafla kama ukuta, hivyo maji ya kuvua perege ni utepe mwembamba wa mita chache tu kando ya majani. Kurusha mbali huko ni kurusha shimoni. Na kwa sababu hiyohiyo usimlete mtoto asiyejua kuogelea akae ukingoni.

Kuvua kwenyewe

Pima kina kwanza. Bandika donge la udongo mzito kwenye ndoano, shusha palepale unapotaka kuvua. Boya likizama, lipandishe kwenye mshipi, likilala, lishushe, likisimama na kuonyesha ncha, umepata kina. Sasa lipunguze sentimita 5, ili chambo kikae juu kidogo ya tope. Tia alama kwenye fimbo kwa kulinganisha, maana utakata mshipi mara kadhaa na hutataka kupima upya.

Dondosha matonge matatu ya chakula, kila moja la ukubwa wa limau, mahali pamoja tu, umbali wa ncha ya fimbo. Kisha tonge moja kila nusu saa. Anayeanza hupata samaki wawili, akafurahi, akamwaga kopo zima. Samaki wanashiba na siku imeisha.

Kaa chini au chuchumaa. Usisimame ukingoni ukiwa na jua mgongoni, kivuli chako kitatangulia. Unaweza kuongea, sauti ya mtu haiingii sana majini, lakini kukanyaga kwa kishindo kunaingia.

Tazama boya. Linatetemeka: wadogo wanadonoa, subiri. Linaanza kwenda kando polepole: vuta. Linainuka na kulala ubavu: samaki ameinua risasi akiwa na chambo mdomoni, vuta sasa hivi. Kuvuta maana yake ni kukunja kifundo cha mkono, shibiri moja tu. Anayevuta kwa bega zima hutundika mshipi kwenye mti wa nyuma na kuuchana mdomo wa samaki.

Akinasa, weka fimbo juu na imepinda, umwache mwanzi umchoshe. Perege wa nusu kilo hukimbilia majani. Mgeuze kwa kulaza fimbo upande wa pili, usimvute moja kwa moja. Mpandishe kwa kimia chenye mpini, au mtelezeshe kwenye mteremko wa nyasi. Usimnyanyue hewani kwa mshipi wa 0.20.

Yanayoharibika

Boya linacheza, unavuta, hakuna kitu, tena na tena. Ni samaki wadogo, au chambo ni kikubwa kuliko mdomo. Punguza kitonge hadi ukubwa wa punje ya mtama mkubwa, na kama una ndoano namba 14, ifunge.

Chambo kinatoweka na boya halikusogea kabisa: ni kaa, yule mwenye magando. Pandisha chambo sentimita 15 kutoka chini.

Walikuwa wanakula, wamekoma ghafla. Pengine kambale amepita, au mmoja amekutoroka, akaruka ruka na kuwatisha wenzake. Tulia robo saa, tupa tonge dogo, watarudi.

Ndoano imenasa chini. Usivute kwa fimbo, utaivunja. Ilaze fimbo, shika mshipi kwa kitambaa, si kwa mkono mtupu, vuta ukirudi nyuma. Vipande vya nailoni vilivyokatika rudi navyo nyumbani. Ng'ombe huvimeza na ndege hunaswa miguu.

Ukitaka kambale

Subiri jioni. Badili kila kitu: mshipi wa 0.40, ndoano namba 2, boya kubwa au hakuna kabisa, chambo cha maini au utumbo wa kuku kikiwa kimelala kwenye tope. Fimbo ichomekwe ardhini imara, kwani akishika huondoka nayo. Mishale yake miwili ya mapezi ya mbele hukita na kuchoma. Mshike nyuma ya kichwa, kidole gumba na cha shahada vikiwa nyuma ya mishale hiyo. Ikiwa umeambiwa kuna kiboko, acha habari ya jioni kabisa, kwani huo ndio muda anaotoka kwenda malishoni, na njia yake ndiyo ile iliyolainika ukingoni ambayo unaona ni nzuri kukaa.

Baada ya kumpata

Lowesha mikono kabla ya kumshika unayemrudisha. Mshike perege kwa kuteleza kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, ili miiba ya mgongoni ilale. Ndoano ikiwa mdomoni, isukume nyuma ilikoingilia. Ikiwa imemezwa, kata mshipi karibu na mdomo. Walio chini ya upana wa kiganja warudishwe. Ukimwona jike mwenye kidevu kilichovimba, mrudishe haraka bila kumminya: perege wengi hulea mayai na vifaranga mdomoni, na akishtuka huvitema vyote.

Unayemchukua mpige mara moja juu ya macho kwa kirungu, mkate matamvua damu itoke, mtoe matumbo papo hapo na uyazike mbali na maji. Mfunge kwa majani mabichi ya mgomba na gunia lililolowa, kivulini. Mfuko wa plastiki juani unamharibu ndani ya saa mbili, hata huku kwenye baridi. Nyumbani, perege paa magamba kwa mgongo wa kisu kutoka mkiani kwenda kichwani. Kambale mpake majivu ya jikoni mwili mzima, msugue kwa kitambaa kikavu, na ule utelezi wote utatoka pamoja na majivu.